Alama ya Kiingereza ya kidato cha nne inaanza kuhesabiwa kidato cha pili

Kila Januari, Baraza la Mitihani linapotoa matokeo, swali moja huzunguka Mwanza nzima, kwenye daladala za Buhongwa na kwenye meza za dagaa pale Mwaloni Kirumba: "Huyu mtoto ripoti zake zote Kiingereza alikuwa anapata 60. Hii D imetoka wapi?" Na kuna swali la upande wa pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Yule wa jirani kwenye moko, mtihani wa majaribio, alipata 28. Hiyo C ameipataje?"

Majibu ya mtaani hayakosekani. Wamesahihisha vibaya, mwalimu hakumpenda, namba zimebadilishana, shule imembeba. Mara nyingi jibu ni hesabu tu, tena hesabu ambayo mzazi aliyeishia darasa la saba anaiweza bila kikokotoo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mzazi akamwonyesha alama ile imejengwaje. Tufanye hivyo hapa, kidogo kidogo.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Shuleni mtasikia "CA", kifupi cha Continuous Assessment. Hizo ni alama endelevu, yaani alama ambazo mwanafunzi anazikusanya njiani kabla ya mtihani wa mwisho. Humo mna upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, mitihani ya mihula, moko ya kidato cha nne, na kazi ya mradi ambayo walimu na wanafunzi huiita projekti. Kwa mwanafunzi wa shule, CA ina uzito wa asilimia 30 ya alama ya mwisho. Asilimia 70 iliyobaki inatoka kwenye mtihani wa taifa wenyewe, ule wa Novemba. Mtahiniwa wa kujitegemea, anayejisajili mwenyewe nje ya shule, hana CA. Kwake yeye mtihani ndio kila kitu.

Kina mama wa vikoba wataielewa CA haraka kuliko mtu yeyote. Kwenye kikoba unanunua hisa kila wiki. Siku ya kuvunja kikoba unagawiwa kwa hisa ulizonunua, na hakuna anayekubali ulete fedha za Machi mwezi wa Desemba. CA ni hisa. Muhula ambao mtoto hakufanya mtihani ni wiki ambayo hamkununua, na siku ya kugawana hamna namna ya kurudi nyuma.

Sasa hesabu. Mtoto mwenye wastani wa 60 kwenye CA anaingia na 18, kwa sababu asilimia 30 ya 60 ni 18. Kwenye mtihani wa taifa akipata 35, asilimia 70 ya 35 ni 24.5. Jumlisha: 42.5. Hiyo ni D. Huyu ndiye mtoto wa swali la kwanza. Hakuna aliyemwibia. Alikuwa na mtaji, ila mtihani wenye uzito mkubwa ulimshinda. Yule wa jirani, tuseme CA yake yote kwa pamoja ilikuwa 35 hata kama moko peke yake ilikuwa 28. Ana 10.5. Akajituma miezi ya mwisho, akapata 50 kwenye mtihani, ambayo ni 35 baada ya kukatwa uzito. Jumla 45.5. Hiyo ni C. Yule aliyekuwa na 60 za shule amepitwa na aliyekuwa na 35, na kila alama imehesabiwa kwa haki.

Gredi zenyewe ziko hivi: A ni kuanzia 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Angalieni C ilivyo pana. Mwenye 45 na mwenye 64 wote wanaandikiwa C, na hakuna atakayejua tofauti yao akisoma ubao wa matokeo. Lakini mwenye 44 anaandikiwa D. Wavuvi wa sangara wanajua jambo hili kwa rula: samaki wa sentimita 49 na yule wa 50 ukiwaweka kwenye mtumbwi huwezi kuwatofautisha kwa macho, lakini mmoja haruhusiwi na mwingine anaruhusiwa. Mpaka hauna huruma. Ndiyo maana alama mbili tatu za CA, ambazo mtoto aliziacha kidato cha tatu kwa sababu alikuwa amekwenda kambi ya uvuvi na mjomba wake, zinaweza kuwa ndizo zilizomwangusha kutoka upande mmoja wa rula kwenda mwingine.

Nirudie hesabu kwa namna nyingine, maana ndipo penye faida kwa mzazi ambaye mtoto wake bado yuko njiani. Ili kupata C, mtoto mwenye wastani wa 60 kwenye CA anahitaji alama 39 hivi kwenye mtihani wa taifa. Mwenye CA ya 30 anahitaji 52. Mwanafunzi wa shule ambaye CA yake ni sifuri anahitaji 65. Tofauti ya 39 na 65 ni tofauti ya mtoto anayeingia kwenye chumba cha mtihani akipumua na yule anayeingia akitetemeka.

Na wale wanaosema CA ni alama za bure ambazo shule inawagawia watoto wake? Tujaribu. Mpe mtoto CA kamili, 30 juu ya 30, jambo ambalo ni nadra sana. Akipata 20 kwenye mtihani wa taifa, anaongeza 14. Jumla 44. D. Hata CA iliyojaa hadi juu haimvushi kwenda C mtoto ambaye hajajifunza. Tena sehemu ya CA ni upimaji wa kidato cha pili, ambao hautungwi wala kusahihishwa na mwalimu wa darasa. Unatoka Baraza, kama huu wa kidato cha nne.

Hapo ndipo kosa kubwa la wazazi wengi lilipo, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu linarudiwa kila mwaka. Kidato cha pili kinachukuliwa kama mlango tu: akipita anasonga, asipofikia kiwango anarudia, basi. Mtoto akipata D ya Kiingereza kidato cha pili nyumba inapumua, "amepita". Lakini ile D haikwisha siku ile. Imewekwa kwenye faili, na miaka miwili baadaye inatolewa na kujumlishwa.

Tuangalie sasa mstari wa matokeo. Ukifungua matokeo ya shule kwenye tovuti utaona namba ya mtahiniwa, jinsia, halafu AGGT, DIV, na mlolongo wa masomo kwa vifupisho. AGGT ni jumla ya pointi, DIV ni daraja. Kila gredi ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlisha. Pointi chache ndiyo heri. Kuanzia 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri.

Chukua mtoto mwenye mstari huu: HIST C, KISW C, ENGL D, GEO D, CIV D, BIO D, na somo moja jingine D. C mbili ni 6, D tano ni 20. Jumla 26, daraja la nne. Badilisha kitu kimoja tu, ENGL iwe C. Sasa ni C tatu na D nne: 9 na 16, jumla 25. Daraja la tatu. Na si daraja peke yake lililobadilika. Mtoto huyu sasa ana C tatu, za Historia, Kiswahili na Kiingereza, na hizo tatu ndizo tahsusi ya HKL, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano, ambao L yake ni Kiingereza. Kwa gredi moja ametoka kwa mtu ambaye hawezi kufikiriwa kidato cha tano akawa mtu anayeweza kufikiriwa. Gredi hiyo moja inaweza kuwa ilihitaji alama mbili tu.

Kuna uvumi pia kwamba aliyefeli Kiingereza amefeli mtihani mzima. Hapana. Wanachukua saba bora, kwa hiyo mwenye F ya Kiingereza anaweza kuwa na daraja zuri kwa masomo mengine. Shida yake ni nyingine. Ukiondoa Kiswahili, karibu masomo yote ya sekondari yanaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kuijua jiografia ya Ziwa Victoria kwa sababu ameiishi, lakini swali likimwambia aeleze sababu naye akaorodhesha athari, alama zinakwenda. Kiingereza kinamfuata hata kwenye chumba cha Baiolojia.

Jambo jingine linalochanganya ni kwamba kuna Kiingereza mbili. ENGL, namba 022, ni somo la lugha ya Kiingereza ambalo kila mwanafunzi analisoma. LIT ENG, namba 024, ni fasihi ya Kiingereza, somo la kuchagua. Mzazi akiambiwa "ana B ya Literature" asidhani ndiyo ile ya lugha. Kinachowachanganya zaidi ni kwamba hata ndani ya 022 kuna sehemu ya vitabu vya fasihi. Mtoto akikuomba fedha ya riwaya wakati hasomi Literature, hajakudanganya.

Ndani ya karatasi kuna nini

Mtihani wa kidato cha nne unachukua saa 3, ule wa kidato cha pili saa 2 na nusu. Ndani yake kuna kusoma habari na kujibu maswali, yaani ufahamu, kuna ufupisho, sarufi na msamiati, uandishi kama barua na maelezo, halafu maswali ya vitabu. Mgawanyo wa alama na idadi ya maswali hubadilika fomati inapobadilika, na mtaala mpya umekuwa ukiingia kwa awamu tangu Januari 2024. Kwa hiyo mwambie mwalimu wa somo akuonyeshe fomati inayomhusu mwanao. Ni kijitabu, si siri, na mtoto anayeingia kidato cha tatu anapaswa kuwa ameshakiona.

Ufahamu hauhitaji maneno mengi. Kosa linalorudiwa ni mtoto kujibu kwa anayoyajua badala ya kujibu kwa yaliyoandikwa. Habari ikiwa inahusu uvuvi, mtoto wa Igombe anajibu kwa uzoefu wa baba yake. Swali linataka kilichosemwa kwenye habari ile, hata kama baba yake anajua zaidi ya mwandishi.

Ufupisho ndio unaokula alama kimyakimya. Swali linatoa kikomo cha maneno, mtoto anapita. Au ananakili sentensi nzima nzima kutoka kwenye habari, akaacha nyingine, akadhani amefupisha. Kufupisha ni kama kukausha dagaa: maji yanatoka, dagaa anabaki. Ukitupa nusu ya ndoo mbichi hujakausha, umepunguza tu. Njia yake ni kusoma mara mbili, kupigia mstari hoja kuu kwa penseli, kuandika rafu kwa maneno yako mwenyewe, kuhesabu maneno, ndipo unakili safi. Na hili mzazi analiweza bila Kiingereza hata kidogo. Mpe mtoto habari ya gazeti la Kiswahili yenye aya sita, mwambie aiandike kwa aya moja bila kuacha jambo kubwa. Ujuzi ni uleule. Anayeshindwa kufupisha kwa Kiswahili hatafanya muujiza kwa Kiingereza.

Sarufi inahitaji tuikaribie zaidi. Chukua sentensi mbili za aina ambayo walimu wanakutana nayo kila siku: "My mother she is sell fish at Kirumba. Yesterday she didn't went to the market." Mzazi anaona wino mwekundu umejaa, anadhani mtoto ni mzembe. Siyo uzembe. Mtoto amefikiri kwa Kiswahili, tena kwa usahihi. Sisi tunasema "mama yangu anauza". Ile "a" ya mwanzo wa kitenzi ndiyo mama, kwa hiyo mtoto ameihamisha ikawa "she". Kiingereza hakitaki mama atajwe mara mbili. Kisha ile "na" ya "a-na-uza" ameitafutia mahali, akapata "is". Na mwisho, Kiswahili kinaweka alama ya nafsi mwanzoni mwa neno, Kiingereza hapo kinaweka "s" mwishoni: "sells". Sentensi ya pili nayo ina sababu. Wakati uliopita kwenye Kiingereza unasemwa mara moja tu. "Did" ikishaubeba, kitenzi kinarudi hali yake ya kawaida, "did not go". Mtoto ameubeba mara mbili.

Nimekaa hapa kwa sababu mtoto akielezwa hivi, makosa kumi yanaondoka kwa mpigo. Akipigwa kiboko kwa kila moja, yanarudi yote. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayeongea Kisukuma nyumbani na kuchanganya l na r. Anaandika "lice" akimaanisha "rice", naye msahihishaji anasoma chawa mahali pa wali. Dawa ni imla fupi, maneno matano kila jioni, yakisomwa na mwenzake anayetofautisha sauti hizo.

Kwenye barua, alama nyingi ni za umbo, na umbo linakaririka. Barua rasmi ina anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha habari, kiini, hitimisho, sahihi na jina kamili. Ya kirafiki ina anwani moja na haina kichwa cha habari. Mtoto anayeandika "Yours faithfully" kwa rafiki yake amepoteza alama ambayo haikuhitaji akili, ilihitaji mazoezi ya jioni moja.

Vitabu, na kwa nini madesa hayatoshi

Sasa tufike kwenye vitabu, maana hapa ndipo ninapoona watoto wenye uwezo wakianguka. Kuna orodha ya riwaya, tamthiliya na mashairi yaliyoidhinishwa, na orodha hiyo huchapwa kwenye karatasi ya mtihani. Swali la kawaida linatoa dai, kwa mfano kwamba tamaa ya fedha inaharibu familia, kisha linamtaka mtahiniwa athibitishe kwa vitabu viwili alivyosoma, hoja tatu kutoka kila kimoja.

Yahesabu matakwa yake: vitabu viwili, viwe kwenye orodha, viwe vya aina iliyotajwa, hoja tatu na tatu, na zote zilenge dai. Mtoto aliyesoma kitabu kimoja tu ameshapoteza nusu kabla hajachukua kalamu. Aliyeandika tamthiliya mahali palipoulizwa riwaya amepoteza yote. Na anayeonekana mara nyingi kuliko hao ni yule anayesimulia. Anaanza, palikuwa na kijana fulani, akaondoka kijijini, akafika mjini, ukurasa na nusu wa hadithi safi kabisa, na dai lenyewe halikuguswa.

Hoja nzuri ya fasihi inafanana na ushahidi mbele ya baraza la wazee. Shahidi haelezi maisha yake yote. Anasema jambo, anataja nani alifanya nini, wapi, na linathibitisha nini. Kwa hiyo kila aya iwe na hoja kwa sentensi moja, ufafanuzi, tukio na jina la mhusika kutoka kitabuni, na sentensi ya kuirudisha kwenye swali. Aya sita za namna hiyo, na utangulizi na hitimisho fupi, ni jibu lenye afya hata kama Kiingereza chake kina makovu mawili matatu.

Madesa, yale makaratasi ya muhtasari yanayouzwa karibu na maduka ya vifaa vya shule, yanatoa hoja bila kitabu. Yanamfaa aliyekwisha kusoma na anataka kukumbuka. Kwa ambaye hajasoma ni mtego: dai likibadilishwa kidogo, hoja alizokariri hazikai, na hana tukio jingine la kuchota. Riwaya ya kurasa 120, mtoto akisoma kurasa 5 kila jioni, anaimaliza kwa siku 24. Likizo ya Juni inatosha.

Hapa niseme pia kuhusu watoto waliosoma shule za msingi za Kiingereza. Wanaongea vizuri na mzazi anaridhika. Lakini mtihani huu hauna sehemu ya kuongea. Unataka ufupisho wenye maneno yaliyohesabiwa na hoja sita zenye ushahidi, na mtoto aliyetoka shule ya kata kijijini Ukerewe aliyevisoma vitabu vyake anampita yule wa mjini anayeongea kama redio lakini hakufungua kitabu.

Mambo ya kukamata njiani

Ripoti ya muhula ikija, watu hukimbilia nafasi. Wa 5 kati ya 120 inasikika vizuri, lakini kama darasa zima lina wastani wa 25, wa 5 huyo anaweza kuwa na 38. Soma alama kwanza. Kisha ilinganishe na gredi ya kidato cha pili. Kama shule inampa 70 na Baraza lilimpa D, zungumza na mwalimu wa somo kwa heshima: je, mitihani yenu ya ndani inafuata fomati ya taifa? Swali hilo halimshambulii mtu, na jibu lake litakuambia mengi.

Mtoto akiugua wakati wa mtihani wa muhula, msikae kimya. Peleka cheti cha hospitali kwa mwalimu wa taaluma wiki hiyohiyo na uulize atafanya lini. Nafasi tupu kwenye CA haijazwi na huruma ya mwaka kesho.

Kwa familia za ziwani jambo la uhamisho lina uzito wake. Samaki wanahama, kambi zinahama, na mtoto anahama: leo Kome, mwakani Sengerema, kisha kwa shangazi Igoma. Barua ya uhamisho peke yake haitoshi. Hakikisha shule mpya imepokea alama zake zote za nyuma, na iwe na namba yake ya PReM, ile inayomfuata mwanafunzi tangu shule ya msingi. Ndani ya mwezi mmoja nenda kamwone mwalimu wa taaluma, umwombe akuonyeshe kwamba jina lipo na alama zipo. Kulifuatilia Februari ni safari moja ya daladala. Kulifuatilia Oktoba ya kidato cha nne, wakati shule ya zamani imeshabadilisha mkuu, ni mateso.

Projekti nayo isidharauliwe. Mwalimu anaweza kuwapa wakahoji wachuuzi wa samaki na kuandika ripoti, au wakusanye hadithi za wazee na kuzitafsiri. Mzazi amsaidie kupata watu wa kuhoji, amwachie mtoto aandike. Kazi iliyoandikwa na kaka aliye chuo inajulikana kwenye mstari wa pili, kwa sababu mwalimu anaijua sentensi ya mwanafunzi wake.

Wazazi wengi huniambia, kwa aibu ambayo hawastahili kuwa nayo, "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Chukua daftari lake la Kiingereza Ijumaa jioni. Angalia tarehe: kuna kazi ngapi wiki hii? Angalia wino mwekundu: umesahihishwa? Angalia chini ya wino: mtoto amerudia sentensi kwa usahihi, au ameliacha kosa hapo na kugeuza ukurasa? Masahihisho yasiyoandikwa ni ishara kubwa kuliko alama yenyewe. Kisha, mkiwa mnachambua dagaa au mnangoja ugali, mwambie akusimulie kitabu anachosoma, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Muulize jina la mhusika mkuu, alikosea wapi, nani alimponza, na yeye angefanya nini. Akisita kwenye majina, hajakisoma, na mnajua pa kuanzia Jumamosi asubuhi.